Video inakataa kuharirika kwenye laptopu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanatoka kwa watu wanaohariri nyumbani: kijana wa Kondele anayeunganisha video za harusi ya dadake, mwalimu wa kwaya kule Kakamega, binti wa Nakuru aliyekabidhiwa kumbukumbu za mazishi ya babu kwa sababu yeye ndiye "anajua kompyuta". Wengi hutufikia wakiwa wameshinda kutwa nzima wakigeuza faili kwa programu moja, kisha nyingine, na kila walipogeuza picha ikazidi kufifia. Harusi hairudiwi na mazishi hayarudiwi, kwa hiyo ushauri wetu wa kwanza kwa kila mtu ni huu: usigeuze chochote kabla hujajua ndani ya faili mna nini. Ukishajua, mara nyingi utageuza mara moja tu, na pengine usigeuze kabisa.

Programu yangu inasema inafungua MP4. Mbona inaikataa MP4 hii?

Kwa sababu MP4 ni kontena tu. Gunia lililoandikwa "mahindi" laweza kubeba maharagwe, na likiwa limeshonwa mdomo hutajua kwa kulitazama. Ndani ya MP4 mna mkondo wa picha na mkondo wa sauti, na kila mmoja umebanwa kwa mbinu yake, yaani kodeki. Picha inaweza kuwa imebanwa kwa H.264, iliyotoka mwaka 2003 na inayofunguka karibu kila mahali. Inaweza kuwa H.265, ambayo pia huitwa HEVC, ya mwaka 2013. Siku hizi inaweza hata kuwa AV1, ya mwaka 2018, ambayo laptopu za zamani huisukuma kwa shida kubwa. Sauti nayo inaweza kuwa AAC, AC-3, Opus, au PCM ambayo kwa kweli haikubanwa.

MOV ya Apple, MKV, na AVI ambayo Microsoft waliianzisha mwaka 1992 ni kontena vilevile. Ndiyo maana MP4 mbili zilizo kwenye folda moja, moja inafunguka na nyingine inakataa, na programu haijakudanganya.

Basi nitajuaje kilichomo ndani?

Ukiwa na VLC, kichezaji cha video cha bure, fungua video kisha bonyeza Ctrl na J. Dirisha litakuonyesha kodeki ya picha, ya sauti, ukubwa wa picha na idadi ya fremu kwa sekunde. Ukiona "avc1" au "H264", hiyo ni H.264. Ukiona "hvc1" au "HEVC", hiyo ni H.265.

Sisi hupendelea MediaInfo. Ni ya bure, ni ndogo, na inaeleza zaidi. Soma mistari minne: kodeki ya picha, kina cha rangi (biti 8 au biti 10), hali ya kasi ya fremu ("Constant" au "Variable"), na kodeki ya sauti. Karibu kila tatizo lililoelezwa hapa chini linaonekana kwenye mmoja wa mistari hiyo minne. Ukitaka kumwomba mtu msaada, mtumie maandishi hayo ya MediaInfo badala ya kumwambia "video imekataa". Utajibiwa haraka zaidi.

Namsikia mchungaji vizuri lakini skrini ni nyeusi. Nini hiki?

Karibu kila mara ni H.265. iPhone zilianza kurekodi hivyo zilipopata iOS 11 mwaka 2017, na simu nyingi za Android zina chaguo hilo pia. Sababu yake ni nafasi. Kwa hesabu ya Apple wenyewe, dakika moja ya 1080p yenye fremu 30 kwa sekunde huchukua takriban MB 60 kwa HEVC, na takriban MB 130 kwa H.264. Mwenye simu ya GB 64 iliyojaa hana budi kuipenda.

Kwenye Windows, programu zinazotegemea kodeki za mfumo wenyewe zitakuonyesha weusi, au ujumbe wenye namba 0xc00d5212. Microsoft huuza nyongeza iitwayo HEVC Video Extensions kwenye duka lao kwa dola 0.99, na ukishaiweka, programu hizo hufunguka. Shotcut, Kdenlive na OpenShot hazihitaji nyongeza hiyo kwa sababu programu hizo za kuhariri zimebeba ndani yake FFmpeg, chombo cha bure cha kufungua na kugeuza video na sauti. VLC nayo imebeba kodeki zake, kwa hiyo ukisema "lakini VLC inaicheza" hujathibitisha kwamba programu ya kuhariria itaiweza.

Kuna upande wa pili ambao watu hawauambiwi dukani. Laptopu nyingi za kuhariria huku kwetu ni zile zinazouzwa kama ex-UK, yaani zilizokwisha kutumika Uingereza, na umri wa prosesa ndio unaoamua. Intel ya kizazi cha 6, iliyoanza kuuzwa mwaka 2015, ndiyo ya kwanza kuwa na sehemu maalumu ya kufungua HEVC ya biti 8. Biti 10 ilikuja na kizazi cha 7. Kwa hiyo HP EliteBook 840 G1 au G2 itaifungua HEVC kwa nguvu za prosesa peke yake. Feni itavuma, picha itagandaganda, na utadhani laptopu ni mbovu. G3 ina nafuu, G4 nafuu zaidi. Usisome stika peke yake, soma namba: i5-4300U ni kizazi cha 4, i5-6300U ni cha 6. Ikiwa unajipanga kununua mashine ya kuhariria video za simu, afadhali G4 yenye RAM ndogo unayoweza kuongeza baadaye kuliko G1 yenye RAM tele. Prosesa hutaibadilisha.

Na kinga ipo. Kwenye iPhone ingia Settings, Camera, Formats, uchague "Most Compatible". Fahamu tu kwamba 4K ya fremu 60 itabaki HEVC hata hivyo. Kwenye Samsung, ingia mipangilio ya kamera uzime video za ufanisi wa juu. Kama harusi ni Jumamosi, waambie binamu wote watakaorekodi kwa simu wafanye hivyo Ijumaa.

Si nibadilishe tu jina, kutoka .mov hadi .mp4?

Hapana. Jina linabadilika, kilichomo kinabaki vilevile, na baadhi ya programu zitachanganyikiwa zaidi. Rudisha jina la awali.

Nina MKV na programu haitaki hata kuiona. Nitapoteza ubora nikiigeuza?

Si lazima. Kama MediaInfo inaonyesha ndani ya MKV mna H.264 na AAC, unahamisha mikondo hiyo kwenda MP4 bila kuibana upya. Hakuna ubora unaopotea, na kazi hukamilika haraka kama kunakili faili. Kama umeweka FFmpeg, fungua dirisha la amri kwenye folda hiyo uandike:

ffmpeg -i ibada.mkv -c copy ibada.mp4

Waliorekodi kwa OBS, programu ya kurekodi kwenye kompyuta, hawahitaji hata amri. Kwenye menyu ya File kuna "Remux Recordings". Buruta faili humo na umemaliza. Tena usikimbilie kuacha kurekodi kwa MKV eti kwa sababu ya usumbufu huu mdogo. Stima ikipotea katikati ya ibada, MKV iliyokatika kwa kawaida hufunguka hadi pale ilipofika, wakati MP4 ya kawaida iliyokatika haifunguki kabisa. Kwa mtu anayerekodi moja kwa moja kwenye kompyuta bila UPS, hiyo ni sababu tosha ya kubaki na MKV.

Mwanzoni sauti na midomo vinakwenda pamoja, kufikia mwisho vimeachana. Nimeharibu wapi?

Hujaharibu. Hili ndilo swali gumu kuliko yote na ndilo linalowavunja watu moyo zaidi, kwa hiyo tulieleze polepole.

Simu hairekodi kwa kasi moja. Ukiwa ndani ya kanisa lenye mwanga hafifu, simu hupunguza fremu ili kila fremu ipate mwanga wa kutosha, kisha huongeza tena mlango unapofunguliwa. Simu ikipata joto nayo huruka fremu. Faili inayotoka huwa na kasi ya fremu inayobadilika, na MediaInfo itaandika "Variable". Kichezaji kama VLC hakisumbuki, kwa kuwa kila fremu ina muda wake ulioandikwa nacho kinaufuata. Programu nyingi za kuhariri zimejengwa kwa kasi thabiti: zinahesabu fremu, na zikidhani ni 30 kila sekunde, zinazipanga hivyo.

Piga hesabu. Tuseme ibada ni ya saa moja na wastani halisi ulikuwa fremu 29.9 kwa sekunde. Zilirekodiwa fremu 107,640. Programu ikizicheza kwa 30, picha itaisha baada ya sekunde 3,588, na sauti ina sekunde 3,600. Hizo ni sekunde 12. Katika wimbo wa kwanza huoni kitu. Kwaya ikifika wimbo wa nne, mkono wa mpiga ngoma unashuka kwanza na mlio unafuata. Wakati wa baraka za mwisho mchungaji ameshafunga mdomo na "Amina" bado inakuja.

Usijaribu kuvuta sauti kwa mkono ili ilingane. Kasi haikupungua kwa usawa, kwa hiyo ukilinganisha mwisho, katikati patakuwa pamepotoka. Dawa ni kuigeuza faili iwe na kasi thabiti kabla ya kuiingiza kwenye mradi:

ffmpeg -i ibada.mp4 -vf fps=30 -c:v libx264 -crf 18 -pix_fmt yuv420p -c:a aac -b:a 192k ibada-30.mp4

Shotcut hukurahisishia: ikigundua kasi inabadilika, hukuuliza yenyewe kama ungependa faili igeuzwe iwe rahisi kuhariri. Watu huona dirisha hilo wakabonyeza "Cancel" kwa haraka. Likubali. Kama ulishaanza kuhariri na kazi imefika mbali, geuza faili ya asili hata hivyo, kisha uiweke mahali pa ile ya zamani kwenye mradi. Itabidi kurekebisha sehemu za kukatia, lakini ni kazi ya jioni moja badala ya kuanza upya.

Kinga ya tatizo hili ni programu ya kamera inayoruhusu kufunga kasi ya fremu, pamoja na mwanga wa kutosha. Taa moja ya ziada upande wa madhabahu husaidia kuliko mtu anavyofikiri.

HandBrake ina vitufe vingi. Nichague nini?

HandBrake ni programu ya kugeuza video. Ukiifungua, hukupa mpangilio wa "Fast 1080p30". Huo unafaa kutazama, haufai kuhariri, kwa kuwa unaacha kasi ya fremu ibadilike. Nenda kwenye kundi la "Production" uchague "Production Standard". Hiyo inatoa H.264 yenye kasi thabiti, na faili itakuwa kubwa. Ukiona ni kubwa mno kwa diski yako, panga mwenyewe: kodeki H.264, ubora RF 18 hadi 20, kasi ya fremu ileile ya asili au 30, na muhimu kuliko vyote, weka alama kwenye "Constant Framerate".

Kukadiria nafasi ni rahisi. Megabiti 8 kwa sekunde ni MB 1 kwa sekunde, MB 60 kwa dakika, GB 3.6 kwa saa. Zidisha kwa saa ulizorekodi kabla hujaanza, usije ukajaza diski saa nane usiku.

Shangazi yuko Marekani, ametuma salamu za rambirambi kwa WhatsApp. Programu haitaki sauti yake.

Jumbe za sauti za WhatsApp hubanwa kwa Opus, na programu nyingi za nyumbani haziitambui. Ihifadhi kwenye kompyuta na uigeuze iwe WAV:

ffmpeg -i ujumbe.ogg ujumbe.wav

Kama jina linaishia na .opus, andika hivyo badala ya .ogg. WAV inafunguka kila mahali.

Video zilizotumwa kwa WhatsApp zina tatizo tofauti. Kwa kawaida ni H.264 na hazikatai kufunguka, ila zimebanwa mno, na ukizikuza hadi skrini nzima nyuso hugeuka mabaka. Hakuna programu itakayorudisha kilichotupwa. Mpigie shangazi simu kwa adabu, umwombe atume tena kama hati badala ya kama video. Njia hiyo haibani, na inabeba faili hadi GB 2. Mweleze pia ashike simu kwa ulalo. Skrini ya hemani ni pana.

Rangi zimefifia, au gauni la bi harusi limeungua jeupe.

Hiyo ni video ya HDR, yaani yenye upana mkubwa zaidi kati ya mwanga na giza, ya biti 10. iPhone kuanzia 12, ya mwaka 2020, hurekodi HDR isipozimwa. Programu isiyojua HDR husoma mwanga huo vibaya. Shotcut za karibuni hukuonya na kukuuliza kama igeuze, kubali. DaVinci Resolve, programu nyingine ya kuhariri, ina usimamizi wa rangi unaoweza kuirudisha kwenye Rec. 709, rangi za kawaida za TV.

Usirekebishe kwa kupunguza mwangaza na kuongeza rangi kwa jicho. Utapata ngozi za watu zenye rangi ya kijivu, na katika video ya familia hilo linaonekana kabla ya kitu kingine chochote. Siku nyingine, zima HDR kwenye Settings, Camera, Record Video.

Nimeazima kamera ya kanisa. Inatoa faili za MTS na kila baada ya muda sauti inaruka.

Hiyo ni AVCHD, mfumo wa Sony na Panasonic wa mwaka 2006. Ndani yake ni H.264 ya kawaida, kwa hiyo programu nyingi huifungua. Tatizo ni kwamba kamera hukata rekodi ndefu vipande vipande, kwa sababu kadi ya FAT32 haibebi faili inayozidi GB 4. Ukinakili vipande hivyo peke yake kutoka folda ya STREAM na kuvipanga kwenye mradi, kwenye maungio utapoteza chembe ya sauti. Neno la kiapo likiangukia hapo, limekatika.

Nakili kadi yote na folda zake zote, kama ilivyo. Kisha viunganishe vipande vya rekodi ileile viwe faili moja kabla ya kuhariri. Kwenye Windows, dirisha la amri linatosha:

copy /b 00001.MTS+00002.MTS harusi.MTS

Ukiona mistari kama meno ya kitana kwenye mikono inayosogea, video ni ya fremu zilizofumwa. Weka alama ya kuifumua kwenye HandBrake, panapoitwa "Deinterlace".

Picha ipo, sauti hakuna.

Soma mstari wa sauti. Kamera za Sony zinazorekodi XAVC S huweka sauti ya PCM ndani ya MP4, na programu kadhaa za kuhariri kwenye simu hukaa kimya zikikutana nayo. Geuza sauti peke yake, picha usiiguse:

ffmpeg -i kamera.mp4 -c:v copy -c:a aac kamera-aac.mp4

Betri iliisha tukiwa kaburini. Faili ipo, ina GB 3, lakini haifunguki popote.

Pole. Kuna matumaini, lakini kuanzia sasa usirekodi kitu kingine kwenye kadi hiyo.

MP4 huandika orodha yake ya ndani, inayoonyesha kila fremu iko wapi, mwishoni kabisa mwa kurekodi. Umeme ukikatika kabla ya hapo, picha zote zimo lakini orodha haipo, na hakuna programu inayojua pa kuanzia. Kwanza rudisha kadi kwenye kamera ileile na uiwashe ikiwa na betri iliyojaa, kwa kuwa baadhi ya kamera hugundua faili iliyokatika na kuitengeneza zenyewe. Isipofanya hivyo, nakili faili kwenye kompyuta na utumie programu ya bure iitwayo untrunc. Itakuomba faili nzima iliyorekodiwa na kamera hiyohiyo kwa mipangilio hiyohiyo, ili ijifunze muundo. Kama huna, rekodi dakika chache mpya kwenye kadi nyingine bila kubadilisha chochote kwenye mipangilio.

Fanya kazi kwenye nakala kila wakati. Tumeona faili ambazo zingeokoka zikimalizwa na watu waliojaribu "kurekebisha kadi" kwa kuiformati kwanza.

Video inafunguka sawasawa ila ikicheza inagandaganda. Ni kodeki?

Inaweza kuwa kodeki, inaweza kuwa diski. Anza na diski: kama unahariri faili zikiwa bado kwenye flashi au kwenye kadi, zihamishie ndani ya laptopu, na kama laptopu ina SSD, ziwe huko.

Ikiendelea, tumia proksi. Programu inatengeneza nakala ndogo ya kila video, unahariri hizo nyepesi, na wakati wa kutoa kazi ya mwisho inarudi yenyewe kwenye faili za asili. Kdenlive, Shotcut na DaVinci Resolve zote zina njia hiyo. Watu huogopa kwamba kazi ya mwisho itakuwa na ubora wa proksi. Haitakuwa, mradi usizihamishe wala kuzifuta faili za asili. Kwa laptopu ya kizazi cha 4 na video ya 4K, hii ndiyo njia pekee ya kuhariri bila kukasirika.

DaVinci Resolve ya bure kwenye Linux inakataa kila kitu kutoka kwenye simu.

Toleo la bure la Linux lilikuja bila H.264 na H.265, na AAC pia husumbua. Geuza video ziwe DNxHR, kodeki ya kuhariria, na sauti iwe PCM, ndani ya MOV, au tumia Kdenlive. Kwa kazi za harusi na mazishi, Kdenlive inatosha kabisa.

Nimeona tovuti ya kugeuza video bure, na nyingine yenye furushi la kodeki zote. Nitumie?

Fikiria kwanza data. Kupakia GB 3 na kupakua tena GB 3 ni data ya pesa nyingi kwa kazi ambayo FFmpeg inaifanya nje ya mtandao. Halafu fikiria nani yumo kwenye video: watoto, wajane, maiti kwenye jeneza lililo wazi. Familia haijakuruhusu kuipeleka kwenye kompyuta ya mtu usiyemjua.

Mafurushi ya kodeki usiyaguse. Programu za kuhariri za siku hizi nyingi hazizitumii hata ukiziweka, na mafurushi mengine huja na virusi. Kadhalika programu za kulipia zilizovunjwa ambazo mtu hukuuzia kwenye flashi. Pakua VLC, HandBrake, MediaInfo na Shotcut kutoka kwenye tovuti zao halisi. Zote ni za bure, na ukizipakua mara moja kwenye saiba yenye intaneti nzuri unaweza kuzigawa kwa wenzako kwa flashi.

Nimemaliza. Nimepeleka flashi nyumbani Siaya na TV inasema faili haitambuliki.

TV ni ya kuchagua kuliko kompyuta. Toa kazi yako hivi: MP4, H.264 ya biti 8, 1920 kwa 1080, fremu 25 au 30, sauti ya AAC ya stereo. Flashi iformatiwe FAT32, kwa kuwa TV nyingi za zamani hazisomi exFAT wala NTFS. Hapo unarudi kwenye ule ukomo wa GB 4 kwa faili moja. Kwa megabiti 8 kwa sekunde, saa moja ni GB 3.6 na inaingia. Sherehe ya saa tatu igawe sehemu tatu, na uziite kwa mpangilio: 1-kanisani, 2-chakula, 3-zawadi. Wazee watapata wanachotafuta bila kukupigia simu.

Nifute faili za asili sasa?

Subiri hadi familia iwe imetazama kazi yote kwenye TV yao na kuridhika. Zikiwezekana, zibaki kwenye diski ya nje kabisa. Faili iliyogeuzwa mara moja tayari imepoteza kidogo, na mtu akirudi baada ya mwaka kuomba dakika tano za hotuba ya mama ambaye sasa hayupo, utataka kuzikata kutoka kwenye rekodi ya kwanza.

Mzee anataka DVD, hataki flashi.

Mpe DVD. Ni MPEG-2, kwa mfumo wa PAL: 720 kwa 576, fremu 25 kwa sekunde. Kama mradi wako ni wa fremu 30, acha programu ya kuandaa DVD ifanye ubadilishaji mara moja mwishoni, kutoka kwenye kazi yako ya H.264 yenye ubora wa juu. Diski ya kawaida ya GB 4.7 hubeba karibu saa mbili kwa ubora wa heshima. Ukizidisha hapo, gawa diski mbili. Choma kwa kasi ndogo, kisha uijaribu kwenye deki yake mwenyewe kabla hujaondoka nyumbani kwake.